Vivuli Viwili vya Chamgora

"Mizani imekataa," alisema Mkaguzi Lyimo, akaigeuza skrini ya mashine hiyo ya kupima uzito wa makosa ili mama aliyesimama mbele ya kaunta ajionee mwenyewe. "Daraja la kwanza. Wizi mdogo. Hapo mimi sina la kufanya."

Zamoyoni Kihwelo hakuitazama skrini. Alikuwa ametoka sokoni mpaka kituoni kwa magongo, juani, akiburuta mguu wa kulia ambao tangu jana jioni ulikuwa chuma kitupu. Ulikuwa mguu wa umeme wa kizamani, unaoanzia pajani. Betri yake, yenye ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, ilikuwa imeibiwa ikiwa kwenye chaji. Bila betri goti halikunjiki, na mwamuzi wa netiboli asiyekunja goti hawezi kuufuata mpira. Bodi ya michezo ilishamwonya kwamba siku atakayoshindwa kukimbia, filimbi yake itachukuliwa na mashine.

"Umeiuliza hiyo Mizani betri ni ya nini?"

"Mizani haiulizi ni ya nini, mama. Inauliza bei. Betri za aina ile hazitengenezwi tena, kwa hiyo dukani hazina bei."

"Hazitengenezwi tena, kwa hiyo sipati nyingine. Hilo halina uzito?"

Lyimo alikuna shingo. Hakuwa mtu mkorofi. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka kusema jambo lile lile kwa watu mbalimbali. "Halina," alisema.

"Nguzo iko mbele kabisa ya banda la kuchaji la Sikudhani. Jicho la kamera liko juu ya nguzo. Picha ipo, Afande. Ifungue."

"Picha ipo, na siifungui." Akashusha sauti. "Refa, wewe ni mtu mzima. Unakumbuka mambo yalivyokuwa kabla ya Sheria ya Vivuli kufunika sura za watu kwenye picha. Wakubwa walikuwa wanawachungulia watu kama wanaangalia sinema. Nani kalala wapi, nani kaenda hospitali gani. Leo nifungue kwa betri, kesho nitafungua kwa kuku, keshokutwa atakuja mwanamume anamtafuta mke aliyemkimbia. Na kivuli kikifunguliwa hakifunguki dakika moja. Inafunguka siku nzima ya mtu, kila alikopita."

Zamoyoni alikumbuka vizuri. Aliandamana kuidai sheria ile, enzi hizo akiwa na miguu yake miwili. "Mbona mwezi uliopita mlifungua? Yule aliyechora katuni kwenye ukuta wa halmashauri mlimpata kabla rangi haijakauka."

"Uharibifu wa mali ya umma. Daraja la nne."

"Katuni imeushinda mguu wangu."

"Siyo mimi niliyepanga."

"Basi humu ndani hakuna mtu? Mashine ikishakataa, wote mmekataa?"

Lyimo akasema jambo ambalo pengine hakukusudia kulisema. "Ipo hiari ya mkaguzi. Naweza kufungua kwa jina langu, nikatoa sababu yangu, na likiharibika jambo ninajibu mimi. Sijawahi kuitumia, na siwezi kuanza na betri. Nenda nyumbani, mama. Pole sana."

"Pole yako nimeipokea," alisema Zamoyoni, akayapanga magongo yake. "Nyumbani siendi."

*

Kila mtu wa mji wa Chamgora alikuwa na haki ya picha yake mwenyewe. Zamoyoni aliketi kwenye benchi la banda la kuchaji, akaweka kiganja juu ya kioo cha simu, akasema saa na mahali. Ghala la Picha likampa alichoomba.

Akajiona: mwanamke mnene kiasi, kitambaa cha kijani kichwani, ameketi kwenye benchi lile lile. Nyuma yake, kwenye rafu, betri yake inapepesa taa nyekundu. Watu wengine wote waliopita walikuwa vivuli vya kijivu visivyo na uso wala nguo wala umri, na kila walichoshika kilimezwa na ule ukijivu. Hata sauti zao zilikuwa mvumo tu, kama redio iliyo nyumba ya tatu.

"Subiri mvua," alisema Sikudhani, mwenye banda, akichungulia juu ya bega la rafiki yake. "Ile mvua ndiyo iliyoleta balaa."

Mvua ikaanza ndani ya picha. Vivuli vikakimbilia chini ya paa, vikabanana mpaka rafu haikuonekana. Mvua ikakatika, vivuli vikatawanyika. Rafu ikabaki na simu za watu na taa za kuvulia dagaa. Betri haikuwepo.

"Mwizi ni mmojawapo," Sikudhani alisema, "na wote wanafanana. Shoga yangu, hapa umekwama."

Zamoyoni alirudisha picha nyuma, akaitazama tena. Kivuli kimoja kilisimama karibu kabisa na rafu, mikono kiunoni, kinatikisa kichwa kwa nguvu.

"Huyu si wewe?"

"Ndiyo mimi. Nilikuwa namsema yule aliyekanyaga waya wangu."

"Jifungue."

"Nini?"

"Weka kiganja. Toa idhini. Kivuli ni chako, una haki ya kukivua."

Sikudhani akasita, maana hakuna aliyezoea kufanya hivyo. Halafu akabandika kiganja. Ndani ya picha ukijivu ukamtoka kuanzia miguuni, kandambili za bluu, khanga, mpaka uso uliokunjamana kwa hasira, na sauti yake ikapasuka hewani: "Wewe, waya huo! Umeulipia?"

Wakacheka wote wawili mpaka Sikudhani akafuta machozi. Zamoyoni ndiye aliyeacha kucheka kwanza. "Sasa waliobaki wamepungua mmoja," alisema.

*

Siku zilizofuata alizungukia soko zima kwa magongo. Hakumficha mtu neno. Alisema: nimeibiwa, polisi hawafungui, nakuomba uvue kivuli chako cha ile siku ya mvua, dakika zile tu za chini ya paa. Idhini ya mtu mwenyewe huchagua dakika. Ya polisi haichagui. Wengine walikubali papo hapo. Wengine walitaka kwanza kueleza vitu walivyoibiwa wao na majibu waliyopewa kituoni. Muuza mahindi aliibiwa jiko. Mama mmoja alianuliwa nguo zote za watoto kwenye kamba, mchana kweupe, chini ya Jicho lenyewe. Wote waliambiwa daraja la kwanza. Kila aliyeeleza alimaliza kwa kuweka kiganja, kwa hasira, kama anayegonga mlango.

Na kila kiganja kilipowekwa, mtu mmoja alitokea kwenye picha. Watu wakaanza kuja bandani jioni kuangalia. Ilikuwa raha kujiona wakiwa wamebanana chini ya paa, wakitaniana, wakikung'uta maji. Sauti zikarudi moja moja. Ile picha ya kijivu ikawa soko.

Mwishowe vikabaki vivuli viwili. Vyote vilikuwa vya watu warefu, umbo la mabega likionesha vimejifunika kitu kama turubai la mvua. Vyote vilisimama upande wa rafu. Mvua ilipokatika, kimoja kilielekea kwenye reli na kingine kwenye mfereji.

"Mmoja ni Nuhu," alisema muuza mahindi. "Nilisimama naye bega kwa bega. Alinisalimia."

Watu wakageuka wote kwa pamoja. Nuhu Sanga alikuwa fundi wa betri, mwenye kibanda upande wa pili wa barabara. Mtu mkimya, mpole. Zamoyoni alikuwa amemwomba idhini tangu siku ya kwanza, naye akajibu tu, "Nisamehe, dada. Siwezi."

"Fundi wa betri," alisema mtu mmoja taratibu.

"Kwa nini asijifungue kama hana neno?"

"Sisi wote tumejifungua!"

Kabla Zamoyoni hajasimama vizuri, nusu ya watu walikuwa wameshavuka barabara. Mpagazi mmoja alishika nondo. Zamoyoni alivuka kwa namna ambayo hakujua anaiweza, gongo moja likimponyoka njiani, akajitupa kwenye mlango wa kibanda na kuugeukia umati. Nyuma yake alimsikia Nuhu akihema.

"Rudini!"

"Refa, tunakusaidia wewe!"

"Nimeomba mnisaidie kwa hili?" Sauti yake ilikuwa ile ya uwanjani, inayofika mpaka jukwaa la mwisho. "Kila mmoja wenu nilimwambia *nakuomba*. Ombi lina majibu mawili. Yeye kanipa la pili."

"Asiye na hatia hafichi!"

"Wewe unaishi bila pazia nyumbani kwako?" Mtu yule akainamisha macho. "Basi kaa kimya. Polisi wanasema mimi ni mdogo mno kuhangaikiwa. Ninyi mnasema huyu ni mdogo mno kuheshimiwa. Sioni tofauti. Anayetaka kuvunja hapa aanze na mguu wangu mmoja uliobaki."

Hakuna aliyeanza nao. Mpagazi aliishusha nondo akaifanya fimbo ya kutembelea, kana kwamba ndiyo kazi yake tangu mwanzo. Wakaondoka kwa vikundi, wakinung'unika, na Zamoyoni alijua kwamba wengi wao waliondoka bila kukubaliana naye. Hata yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Picha hii nimeianzisha mimi, aliwaza. Kila niliyemvua kivuli nilimsukuma huyu mmoja ukutani zaidi.

Nuhu alimletea kiti.

"Dada Zamoyoni, sikuchukua betri yako."

"Basi nisaidie."

"Siku ile nilikwenda mahali, na hata zile dakika za chini ya paa nilikuwa nimeshika kitu cha mtu wa huko. Nikifunguka mimi, anafunguka na mtu mwingine ambaye hajaniruhusu. Siwezi kukwambia zaidi. Hata wewe." Akachungulia barabarani. "Ukiwashinda polisi wakafungua, wataona siku yangu nzima. Nakuomba uache."

"Niache? Nimalize maisha yangu kwa magongo, mwizi apite hapa akinisalimia?"

Zamoyoni alimtazama kwa muda. Alikuwa na hasira naye, hasira ya kweli, kwa sababu alikuwa anamwamini na hakuwa na sababu yoyote ya kumwamini.

"Sitakuuliza ulikwenda wapi," alisema mwishowe. "Niambie hili tu. Mvua ilipokatika ulielekea relini au mferejini?"

"Mferejini."

Kama alikuwa mwizi, hilo ndilo neno ambalo mwizi angelisema pia. Zamoyoni alilijua hilo. Akaomba aletewe gongo lake lililobaki barabarani.

*

Alirudi kituoni mara nyingine, na mara nyingine tena. Aliomba kivuli kimoja tu, kile kilichokwenda relini. Akaambiwa Mizani haijabadilika. Siku aliyoambiwa aandike barua mkoani, alicheka mbele ya askari wa zamu, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za kituo, akaweka kiganja kwenye simu. Aliomba picha zake zote za ndani ya kituo kile. Jicho lilikuwepo humo pia, juu ya kaunta.

Jumamosi ilikuwa siku ya mechi. Uwanja ulijaa, wazazi na majirani, na katikati ya mstari ilisimama mashine ya majaribio ya bodi, mlingoti wenye lenzi na spika. Ubao mkubwa wa matokeo ulikuwa bado mikononi mwa Zamoyoni kama mwamuzi. Wakati wa mapumziko, mabao yalifutika, akatokea Zamoyoni, mkubwa kama nyumba, ameegemea kaunta.

Mbele yake kulikuwa na kivuli.

"Umeiuliza hiyo Mizani betri ni ya nini?" aliuliza Zamoyoni wa kwenye ubao. Kivuli kikavuma.

Uwanja ukanyamaza, watu wakijaribu kuelewa. Halafu mtu akapaza sauti kutoka jukwaani, akijaza mahali pa ule mvumo: "Daraja la kwanza!" Kicheko kikalipuka. Picha ikaruka siku nyingine, kivuli kingine, Zamoyoni yule yule. "Nimekuja tena," alisema ubaoni. Mvumo. "Daraja la kwanza!" likaitika jukwaa zima. Siku nyingine. Mvumo. Sasa waliitika wote, watoto kwa wakubwa, na aliyeibiwa jiko alisimama juu ya kiti akiongoza kwa mikono.

Zamoyoni alikuwa ameketi kando ya uwanja. Hakucheka. Aliwatazama watu wale wa kijivu wanaovuma, akaona jambo ambalo hakulitegemea: walitia huruma. Waliondolewa uso na sheria ile ile iliyomlinda Nuhu.

Kisha kicheko kikakatika upande wa langoni. Mkaguzi Lyimo alikuwa amesimama pale, amevaa nguo za kiraia, kwa vile binti yake alikuwa mchezaji wa timu ya bluu. Binti mwenyewe alikuwa anamtazama kutoka katikati ya uwanja, mpira kwapani.

Lyimo angeweza kuondoka. Watu walikuwa wameshampisha njia. Badala yake alitoa simu mfukoni, akaitazama kwa muda, akaweka kiganja.

Ubaoni picha ikarudi siku ya kwanza, na kivuli kikaanza kutokwa na ukijivu kuanzia miguuni. Viatu vyeusi, sare, mkono unaokuna shingo, na uso wake, uliochoka. Sauti yake ikatoka kwenye spika, safi kabisa: "Ipo hiari ya mkaguzi. Naweza kufungua kwa jina langu, nikatoa sababu yangu, na likiharibika jambo ninajibu mimi. Sijawahi kuitumia, na siwezi kuanza na betri."

Hakuna aliyecheka. Lyimo alitembea kandokando ya mstari mpaka alipokuwa Zamoyoni.

"Umenidhalilisha mbele ya mwanangu."

"Nimejionesha mwenyewe, Afande. Wewe umejivua kwa mkono wako."

Lyimo alimwangalia binti yake, aliyekuwa bado ameshika mpira. "Ndiyo," alisema hatimaye. "Njoo Jumatatu asubuhi."

*

Chumba cha Ghala kilikuwa kidogo, na kiti kilikuwa kimoja. Lyimo alimpisha Zamoyoni kiti, akasimama. Alitaja jina lake, cheo chake, akatoa sababu: "Mlalamikaji hawezi kutembea." Mashine ikamuuliza kama anaelewa kwamba atawajibika. Alijibu ndiyo. Ikamuuliza tena, akajibu tena, kwa ukali safari hii.

"Kile cha relini," alisema Zamoyoni.

"Una hakika? Kama fundi kakudanganya, nimelitumia jina langu bure."

"Sina hakika. Fungua."

Ukijivu ulianza kuondoka. Vikatokea viatu vya ngozi, vipya. Nuhu hakuwa na viatu kama vile, lakini mtu huweza kuazima viatu. Suruali. Turubai la manjano la mvua. Zamoyoni aligundua ameshika ukingo wa meza kwa nguvu mpaka vidole vinamuuma. Kidevu, sharubu nyembamba, na macho asiyoyajua. Mwanamume wa makamo, mgeni kabisa. Mkono wake ulitoka chini ya turubai kama wa mtu anayejinyoosha, ukapita juu ya rafu, ukarudi na betri.

Zamoyoni aliachia pumzi. Siku nzima ya mtu yule ikafunguka mbele yao: anateremka kwenye treni asubuhi, anazunguka soko, anaokota simu moja kwenye gari la mkaa, anapiga simu ndefu akilia peke yake nyuma ya choo cha stesheni, anapanda treni ya jioni. Pale alipolia, Zamoyoni alitazama pembeni.

"Anashuka mji wa pili," alisema Lyimo, vidole vikikimbia. "Kuna meza pale ya vyuma chakavu. Nawapigia sasa hivi wenzangu. Betri yenyewe haina mnunuzi, huenda bado ipo." Sauti yake ilikuwa imebadilika, kama ya mtu aliyekumbuka kazi aliyoipenda zamani. "Unajua, Refa, nilikuwa nimesahau kwamba ni rahisi hivi."

"Rahisi mno," alisema Zamoyoni.

Lyimo hakumsikia. Kwenye skrini ya mezani, kivuli cha mwisho kilikuwa bado kimesimama chini ya paa, kirefu, kimejifunika mabega, uso umeelekea mferejini. Lyimo alikisogeza katikati ya skrini.

"Hiari yangu iko wazi mpaka nifunge faili. Tumalize na huyu, tumwondolee watu mashaka. Ni kugusa tu."

"Hajashtakiwa na mtu."

"Mji mzima unamshuku! Namsaidia. Nikisema nimeona na ni msafi, nani atamgusa?" Kidole kilikuwa kimeshainuka. "Au wewe hutaki kujua alikokwenda?"

Zamoyoni aliinuka kwenye kiti kwa mguu mmoja, akapitisha mkono mbele ya Lyimo, akafunika kivuli kwa kiganja chake chote. Chini ya mkono wake kioo kilikuwa cha moto.

"Nataka sana kujua," alisema. "Ndiyo maana hutafungua."

Walisimama hivyo, mkaguzi na mwamuzi, mpaka Lyimo alipoona kwamba mkono ule hautaondoka. Akashusha kidole. Akafunga faili.